Je, ni haki mwenye nyumba kumtoza mpangaji pesa zaidi kwa sababu ya paka?

Mpangaji wa Tudor

Masalkheri nyote. Nina jambo lililonikosesha utulivu tangu mwisho wa mwezi uliopita, na ningependa kusikia rai za wapangaji na za wenye nyumba pia, kwani kwangu si suala la pesa peke yake.

Ninakaa nyumba ya vyumba viwili hapa Tudor, Mombasa, ghorofa ya pili, kwa kodi ya shilingi 18,000 kwa mwezi, na huu ni mwaka wa nne sijachelewesha kodi hata mara moja. Nina paka mmoja jike, jina lake Zabibu, niliyemwokota Marikiti akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Mwenye nyumba anamjua. Amekuja mara nyingi akamkuta amelala kitini, na hajawahi kusema neno. Juma la mwisho la mwezi, ajenti wake alinitumia ujumbe kwamba kuanzia mwezi unaofuata kila mpangaji anayefuga mnyama atalipa shilingi 1,500 zaidi kila mwezi, kwa kila mnyama, na kwamba asiyekubali ajihesabu amepewa notisi.

Nilimpigia simu kumwuliza pesa hizo ni za nini, akanijibu kuwa ni za uharibifu. Nikamwomba aje tuutazame huo uharibifu pamoja, naye akaja. Tuliukuta mmoja. Upande wa chini wa mlango wa jikoni, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti langu, kuna mikwaruzo saba ya kucha, na miwili kati yake imekata rangi nyeupe hadi inaonekana rangi ya samawati ya zamani iliyokuwa chini yake. Sikatai hata kidogo kwamba hilo ni kosa la paka wangu na kwamba kulitengeneza ni juu yangu. Lakini nilipopiga hesabu, shilingi 1,500 kwa mwezi ni shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani kodi ya mwezi wa kumi na tatu, na nikikaa miaka miwili zaidi nitakuwa nimelipa 36,000 kwa mlango ambao bado utakuwa na mikwaruzo ile ile, kwa sababu ajenti alipoulizwa kama pesa hizo ndizo zitakazoutengeneza, alisema ukarabati utakatwa kwenye amana yangu siku nitakayohama.

Hapo ndipo niliposhindwa kuelewa. Ikiwa amana ndiyo itakayolipa mlango, hizi 1,500 zinalipa nini? Tena tangu Zabibu awe mkubwa sijaona panya ndani mwangu, ilhali jirani yangu wa chini alitafuniwa nyaya za stima darini mwaka jana, na aliyemlipa fundi ni huyo huyo mwenye nyumba. Wazee walisema paka wa nyumba haingwa, nami naona wangu anafanya kazi ambayo mwenye nyumba angeilipia dawa ya panya.

Basi swali langu ni hili: je, ni haki kutozwa, na kama ni haki, tutozwe kwa njia gani?

Mama Majumba, Bamburi

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho, na nitakujibu kama mwenye nyumba bila kukuficha kitu.

Nina nyumba nne za kupangisha, nilizozijenga kidogo kidogo, na ndizo zinazonilisha. Mwaka juzi alihama mpangaji aliyekuwa na mbwa wawili. Mwezi wake wa mwisho hakulipa kodi. Alisema nikate kwenye amana, kama wafanyavyo wapangaji wengi wa mji huu, nami nikakubali kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Kwa hiyo siku aliponikabidhi funguo, amana ilikuwa imekwisha. Nilipofungua mlango, harufu ya mkojo ilinipokea kabla sijatia mguu ndani. Maji ya mfereji yalikuwa hayajatoka kwa siku tisa, na ya kisimani kwangu ni ya chumvi, hayatoi povu hata ukimaliza mche mzima wa sabuni, ikabidi niagize bauza la maji. Fundi wa rangi niliyempeleka majuma matatu baadaye alitoka nje akijikuna miguu yote miwili, amejaa viroboto hadi magotini, akakataa kurudi mpaka ipigwe dawa. Nyumba ilikaa tupu majuma matano. Ongeza na hili, ambalo wapangaji hawalijui: chini ya utaratibu wa ushuru wa nyumba za kupanga tunaoufuata sisi wenye mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, tunalipa asilimia 7.5 ya kodi yote tunayopokea, kiwango kilichoanza Januari 2024, na haturuhusiwi kutoa kwanza gharama ya ukarabati. Bauza, dawa na rangi vilitoka mfukoni mwangu, na ushuru nikaulipa vile vile kana kwamba sikutumia hata senti.

Tangu wakati huo natoza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa mbwa. Kwa paka sitozi, kwa sababu hiyo hiyo ya panya uliyoitaja. Lakini mimi humwambia mtu kabla hajatia sahihi, naye huchagua kuingia au kutoingia. Hilo la kumzukia mpangaji wa miaka minne kwa ujumbe wa simu siliungi mkono, na kama mwenye nyumba wako angeniuliza, ningemwambia hivyo.

Seremala wa Mwembe Tayari

Mlango wa mbao uliokwaruzwa namna hiyo haubadilishwi. Hupigwa msasa, mikwaruzo ikajazwa, ukapakwa rangi ya mafuta mara mbili, nayo ni kazi ya nusu siku. Kwa bei za hapa kisiwani, fundi na vifaa vyote haifiki hizo pesa za ziada za miezi miwili. Ukitaka isirudie, pigilia kipande cha bati jembamba la alumini upande wa chini, usawa huo huo wa goti.

Karani wa Mawakili

Dada wa Tudor, nitalisema jambo hili kwa upande wa sheria tu, kwa kadiri linavyonihusu katika kazi yangu.

Watu wengi hukimbilia kusema kwamba kuna baraza la kodi za nyumba litakalomzuia mwenye nyumba. Baraza hilo lipo kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, lakini sheria hiyo inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba ya namna hiyo katika Tudor ya leo si rahisi kuipata. Sura ya 301 nayo ni ya maduka, hoteli na mikahawa. Kwa hiyo wewe unayelipa 18,000 umebaki na mkataba wako pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012.

Mkataba haubadilishwi na upande mmoja. Ikiwa haukutaja wanyama wala ada yao, ujumbe wa ajenti haukufungi mpaka ukubali, na tafadhali zingatia hili sana: ukiilipa hiyo 1,500 mwezi wa kwanza bila kuandika chochote, itakuwa vigumu baadaye kusema kwamba hukukubali. Mjibu kwa maandishi leo, lipa 18,000 kama kawaida, na uweke risiti. Sheria ya Ardhi, pale mkataba usiposema vinginevyo, inamtaka mwenye nyumba akuache ukae kwa amani, nayo inakutaka wewe uirudishe nyumba katika hali uliyoipokea, isipokuwa uchakavu wa matumizi ya kawaida. Mikwaruzo ya paka si uchakavu wa kawaida, na umefanya vyema kuikiri. Lakini rangi iliyofifia kwa miaka minne ya jua na hewa ya bahari ni uchakavu wa kawaida, wala haitakiwi kuingizwa katika hesabu ya Zabibu.

Sitakudanganya kuhusu udhaifu wa msimamo wako. Kama unapanga mwezi kwa mwezi, mwenye nyumba anaweza kukupa notisi halali ya kumaliza upangaji, isiyopungua kipindi cha upangaji wenyewe, kisha akampangisha mwingine kwa masharti anayoyataka. Haki yako ya kukataa ada ina nguvu kiasi hicho tu, ndiyo maana nakushauri uandike barua ya mapatano, wala si ya mapambano. Na kama ghorofa hiyo iko chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, uliza kanuni za shirika la wamiliki zinasemaje, maana huenda hata mwenye nyumba mwenyewe anafungwa nazo.

Tabibu wa Mifugo

Hatujawataja wanyama wenyewe ipasavyo, na ada ya namna moja kwa kila mnyama inaonyesha kwamba anayeitoza hajui ni kitu gani hasa anachokiogopa.

Paka dume asiyehasiwa hunyunyiza mkojo ukutani na milangoni ili kuweka mipaka yake, na ndio wenye ile harufu kali inayoganda. Akihasiwa mapema, madume wengi huacha tabia hiyo au hawaianzi kabisa. Zabibu ni jike, na kama amefungwa kizazi, hofu ya mkojo ukutani ni ndogo mno. Kuhusu mlango wa jikoni, chunguza kama mikwaruzo inatokea usiku unapoufunga yeye akiwa upande wa pili. Paka hukwaruza mlango uliofungwa, na pia hukwaruza ili kuvua maganda ya kucha. Mpe gogo la urefu wa mkono lililozungushiwa kamba ya mkonge, uliweke karibu na mlango huo huo, wala si pembe nyingine ya nyumba.

Mama Majumba, yaliyokupata kwa viroboto yana maelezo, na nayasema kwa sababu nayaona kila juma. Kiroboto hutaga mayai juu ya mnyama, lakini mayai hayo hayashiki manyoyani. Huanguka mkekani, kwenye zulia na katika nyufa za sakafu. Humo huwa buu, kisha hujifungia ndani ya kifuko, na anaweza kungoja humo majuma mengi baada ya mnyama kuhama, mpaka ahisi mtikisiko na joto la kiumbe anayepita. Fundi wako wa rangi ndiye aliyekuwa kiumbe wa kwanza kupita. Joto na unyevu wa pwani yetu ni neema kwao mwaka mzima. Sasa, shilingi 1,000 zako za kila mwezi haziwaui. Dawa ya viroboto anayopakwa mbwa kila mwezi ndiyo inayowaua, na inatakiwa kuanza tangu siku anayoingia, si siku anayotoka. Kuhusu mkojo sakafuni, msitumie dawa za kusafishia zenye amonia, kwa kuwa harufu yake humrudisha mnyama pale pale, wala msimwage klorini juu ya mkojo, maana mvuke unaotoka huumiza mapafu.

Ningekuwa mwenye nyumba, kabla ya pesa ningedai karatasi: cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa inayorudiwa kila mwaka, na kumbukumbu ya kuhasiwa na ya dawa ya viroboto. Nchi yetu ina mkakati ulioanza mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mwenye nyumba anayedai cheti anatusaidia kufika huko. Anayedai 1,500 na asiulize chanjo hajamlinda mtu yeyote.

Mzee wa Majengo

Wanangu, mnazungumza habari za ghorofa, lakini wako wengi wetu wanaokaa nyumba za Kiswahili, na huko swali lina sura nyingine.

Mimi nimezaliwa Majengo na ndiko nilikozeekea, nyumba ya vyumba sita, ukumbi mmoja katikati, na uani jiko na choo vya watu wote. Paka hapo ni wa kila mtu. Hupita juu ya mkeka wa kuswalia na hakuna anayemfukuza, kwa sababu paka si najisi. Mbwa ni jambo jingine. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na ingawa mbwa wa kulinda shamba au mifugo ana ruhusa yake, ukumbi wa watu sita si shamba. Mpangaji mmoja aliwahi kuleta mbwa, mwenye nyumba akapandisha kodi yake, na wote wawili wakaona mambo yamekwisha. Sisi watano tuliobaki tukawa tunaosha ukumbi kila alfajiri kabla ya sala, tena kwa maji ya kununua kwa mtungi. Niliuliza wakati ule na nauliza tena leo: ikiwa jirani ndiye anayeosha, kwa nini mwenye nyumba ndiye anayepokea?

Kwa nyumba za namna yetu, naona mwenye nyumba angewaita wapangaji wote barazani awaulize kabla ya kumruhusu mnyama, na wakikataa, pesa zisifungue mlango huo. Wakikubali, basi asitoze. Jirani yangu alikuwa na njiwa juu ya bati, na uchafu wao ukawa unashuka na mvua hadi kwenye pipa letu la maji. Tulikaa naye jioni moja, akalihamisha tundu upande wa pili wa paa, na hakuna aliyemlipa mwenzake hata shilingi kumi.

Mwana wa Kibokoni

Salamu kutoka Vancouver, Kanada, nilikopanga nyumba kwa miaka sita nikiwa na paka wawili. Sitaki kusema kwamba ya huku ni bora, ila kuna jambo moja katika sheria ya British Columbia, jimbo la huku, ambalo linajibu swali la dada moja kwa moja.

Huku mwenye nyumba anaruhusiwa kuchukua amana ya mnyama, mbali na amana ya nyumba, isiyozidi nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Ni moja tu hata ukiwa na wanyama watatu, na mbwa anayemwongoza kipofu hatozwi. Ni amana kweli, yaani inarudi, na mwenye nyumba ana siku 15 za kuirudisha baada ya upangaji kwisha na wewe kumwachia anwani yako mpya, la sivyo apeleke madai yake mbele ya wasuluhishi. Lakini kilichonivutia zaidi ni ukaguzi. Siku ya kuingia, mwenye nyumba na mpangaji hupita chumba kwa chumba na fomu mkononi, wakiandika kila ufa na kila doa, kisha wote wawili hutia sahihi. Siku ya kutoka hurudia vile vile. Mwenye nyumba asiyempa mpangaji nafasi ya ukaguzi huo hupoteza haki ya kudai uharibifu kutoka kwenye amana. Wazee wetu walilisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Uingereza walijaribu njia nyingine, nayo inafundisha kitu. Kuanzia tarehe 1 Juni 2019, sheria iliwekea amana kikomo cha kodi ya majuma matano kwa nyumba nyingi, bila kuacha nafasi ya amana ya ziada kwa ajili ya mnyama. Wenye nyumba wengi hawakuacha kuogopa wanyama. Walihamishia hofu hiyo kwenye kodi ya kila mwezi, ambayo mpangaji harudishiwi kamwe. Kwa hiyo namwelewa Mama Majumba anaposema amana yake iliisha mapema, lakini mimi ningependa amana ya mnyama iruhusiwe, iwe na risiti yake, na iandikwe wazi kwamba haigeuki kuwa kodi ya mwezi wa mwisho.

Mama Majumba, Bamburi

Hiyo ya amana mbili zenye risiti mbili sikuwahi kuifikiria. Lakini mwanangu wa Kibokoni, huko kuna wasuluhishi wanaofikika. Hapa mpangaji wa 18,000 na mwenye nyumba wake hawana baraza la karibu, kama karani alivyoeleza, na akinihama usiku nitamfuata wapi? Kwa mbwa nitaendelea kutoza kwa mwezi, ila nitaanza kudai na hivyo vyeti, na atakayeniletea risiti ya dawa ya viroboto kila mwezi nitampunguzia nusu.

Mpangaji wa Tudor

Nawashukuru nyote, na wewe mzee wangu wa Majengo pia, maana swali lako la nani anaosha na nani anapokea ndilo nililolichukua nilipokwenda kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, badala ya ajenti.

Nilimwandikia kwanza, kama karani alivyonishauri, na nikalipa 18,000 peke yake. Jumamosi nilimpelekea picha mbili za mlango wa jikoni, moja kabla na moja baada ya kutengenezwa. Fundi alinitoza shilingi 2,200 pamoja na lile bati la chini. Nikampa na cheti cha Zabibu cha kufungwa kizazi na cha chanjo. Nilimwambia kwamba niko tayari kuweka amana ya pili ya shilingi 5,000 kwa ajili ya paka, yenye risiti yake, isiyokatwa kodi wala ada, itakayorudi baada ya kukagua nyumba pamoja, lakini kwamba sitalipa kila mwezi kwa uharibifu ambao haujatokea.

Aliisoma barua mara mbili. Alisema ajenti alikuwa amemweleza kuwa nina paka watatu. Amana ameikubali, na 1,500 ameiondoa kwangu. Kwa mpangaji wa ghorofa ya chini mwenye mbwa amesema bado anafikiri, na mimi nimemwachia namba ya tabibu. Fomu ya ukaguzi nimeichora mwenyewe kwa mkono, ukurasa mmoja kwa kila chumba, na kesho baada ya alasiri tunapita nayo, tukianzia jikoni.

Mama Majumba, Bamburi

Ukimaliza, nipigie picha hiyo fomu uniwekee hapa. Nina nyumba inayoachwa wazi mwisho wa mwezi.